UZI: Vakyumu ya nyumbani inayodumu, namna ya kuichagua na kuitunza mota isiungue

#1 (mtoa mada)

Wakuu salama? Kuna kitu nakiona mezani kwangu kila mara nikaona bora nikimwage hapa kwa kirefu, wenye haraka mnisamehe, ni uzi mrefu.

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme vya ndani, nipo Ilala. Vakyumu (mashine za kufyonza vumbi) nyingi zinazoletwa kwangu zimekufa sio kwamba zimezeeka. Unakuta ina miaka miwili mitatu, plastiki bado inang'aa, mpira wa kuvutia uchafu mzima, waya mzima, ila mota imeungua na inanuka. Mwenye nayo anakwambia "fundi hizi za siku hizi feki tupu". Ukifungua unakuta filta imegandia vumbi hadi ukiigonga haitoi kitu, na mfuko umejaa tangu Ramadhani iliyopita. Hiyo haikuwa feki, imeuliwa.

Elewa inavyofanya kazi utaelewa kwanini. Vakyumu za kawaida za ndani hazina feni nyingine ya kupooza mota. Hewa ileile inayovutwa kutoka kwenye zulia ndio inapita kwenye mfuko, inapita kwenye filta, inapita katikati ya mota ndio inatokea nyuma. Mota yenyewe inazunguka mara 20,000 mpaka zaidi ya 30,000 kwa dakika, joto lake sio la mchezo. Sasa ukiziba njia ya hewa, popote pale, iwe mfuko umejaa, iwe soksi imekwama kwenye mpira, iwe filta, mota inabaki inajipika yenyewe. Nyingi zina swichi ya joto ndani, inajizima yenyewe, ukisubiri nusu saa au saa nzima inawaka tena. Mtu akiona imewaka anaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, kumbe ile ilikuwa inakuonya. Ikijizima hivyo mara kadhaa ndo basi, vanishi inayokinga waya za mota inaungua.

Na kuna hili la sauti, naomba mlishike sana. Ikiziba sauti inapanda, inakuwa nyembamba kali. Watu wanafurahi wanasema leo inavuta kweli. Hapana jamani! Feni haina hewa ya kusukuma, imekosa mzigo, ndio maana inakimbia zaidi. Ukisikia sauti imepanda zima saa hiyohiyo, tafuta palipoziba.

Kwenye kununua. Muuzaji kitu cha kwanza atakwambia ni wati. "Hii wati 2000 kaka, hii 2400". Wati ni umeme inaokula, sio uchafu inaovuta. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 ulizuia kuuzwa zinazokula zaidi ya wati 1600, halafu Septemba 2017 wakashusha mpaka 900, na nyumba za Ulaya zimejaa mazulia na zinasafishwa vizuri tu. Kinachovuta ni ubunifu wa feni, njia ya hewa isiyovuja na mdomo unaokaa vizuri chini. Mashine ya wati 2000 ambayo kifuniko hakibani inavuta hewa ya pembeni, zulia linabaki na mchanga wake.

Sheria hiyohiyo ya Ulaya iliweka kwamba mota lazima iweze kufanya kazi angalau saa 500, na mpira uvumilie kukunjwa mara 40,000. Piga hesabu, ukifyonza saa moja kwa wiki ni saa 52 kwa mwaka, yaani mota ya kiwango kile cha chini kabisa inakaribia miaka kumi. Kwahiyo ikikufia mwaka wa pili jiulize kwanza wewe ulikuwa unaiendeshaje kabla hujamlaumu aliyeitengeneza.

Mimi mtu akiniuliza anunue ipi simtajii jina la kampuni kwanza. Namuuliza: mfuko wake unapatikana wapi hapa mjini? Filta yake je? Kama muuzaji hawezi kukuonyesha filta ya akiba dukani kwake au kukwambia duka lingine analijua, hiyo mashine iache hata kama bei ni ya kutupa. Mota nzuri bila filta haina maisha. Ndio sababu nina imani na zile za ndoo, zinazofyonza maji na vumbi, kama za kampuni ya Kärcher na nyinginezo za aina hiyo, filta zake zinauzwa, maumbo yake ni ya kawaida, skrubu zinafunguka kwa bisibisi ya kila siku. Ukikuta mashine imefungwa kwa gundi au kwa vishikizo vya plastiki vinavyokatika ukifungua mara ya kwanza, jua aliyeitengeneza hakutaka fundi aione ndani.

Angalia pia waya. Waya mfupi wa mita 4 utakulazimisha kuunga ekstensheni, na ekstensheni zetu nyingi nyembamba. Mashine ya wati 1400 inavuta kama ampea 6 hivi, ukiacha ekstensheni imezungushwa kwenye roli lake inapata moto. Ikunjue yote.

Karibuni kwa maswali, nitajibu yote ninayoyajua.

#2

Fundi asante kwa somo, ila mi naona hizi ni anasa tu. Ufagio wa chelewa na deki vimelea watu vizuri miaka yote, umeme wenyewe huu wa LUKU bado uutumie kufagilia??

#3 (mtoa mada)

Mkuu wala sipingani na wewe kabisa. Kama nyumba yako ni tailizi mwanzo mwisho, huna zulia, makochi ni ya ngozi, usinunue. Ufagio na deki vinatosha na hela yako kaa nayo.

Ila kama una zulia, makochi ya kitambaa, magodoro, mapazia mazito, hapo ufagio unahamisha vumbi tu. Linaruka, linakaa hewani, baada ya saa linatua juu ya tivii na kabati. Na zulia linaliwa na mchanga, ule mchanga unakaa chini kwenye mashina ya nyuzi, kila ukikanyaga unazikata. Kuhusu umeme, wati 1400 kwa nusu saa ni uniti 0.7. Jiko la umeme ndilo linakula, sio hii.

#4

Habari fundi, mimi ni mama, nipo Mwanza, mtoto wangu wa pili ana pumu na hospitali waliniambia nipunguze vumbi chumbani kwake. Dukani nimeonyeshwa moja imeandikwa HEPA bei imepanda sana na nyingine ya kawaida. Hiyo HEPA ni kweli au ni maneno ya biashara maana sitaki kutupa hela. Na je hizi za mfuko na zisizo na mfuko bora ipi kwa mgonjwa?

#5 (mtoa mada)

Dada pole na mtoto, Mungu amsaidie. Hili swali naomba nilijibu taratibu maana lina mambo mengi.

HEPA, yaani filta ya kukamata chembe ndogo sana za vumbi, ni kweli, sio maneno matupu. Kwa vipimo vya Ulaya daraja la H13 linazuia asilimia 99.95 ya chembe zile ngumu zaidi kukamatwa. Lakini filta inazuia hewa inayopita kwake tu. Kama mashine haina mpira wa kuzibia kuzunguka filta na kifuniko, hewa inapita pembeni na vumbi jembamba linarudi chumbani, tena hilo ndilo baya kwa kifua kuliko ulilokuwa unaliona sakafuni. Kwahiyo dukani fungua kifuniko, tazama pale filta inapokaa: kuna mpira mweusi au wa kijivu wa kuzibia pande zote? Sukuma filta kwa kidole, inachezacheza? Kama inacheza, neno HEPA kwenye boksi halikusaidii. Uliza pia limeandikwa H13 au "aina ya HEPA" tu, hilo la pili halina kipimo nyuma yake.

Kwa mgonjwa wa kifua mimi nachagua ya mfuko. Isiyo na mfuko ni nzuri, haikudai mifuko, lakini siku ya kumwaga lile kopo wingu zima linakupanda usoni. Mfuko unautoa umefungwa unautupa. Ukiamua isiyo na mfuko basi mwagia nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, mtoto asiwe karibu, na umwage kila baada ya kufyonza usisubiri ijae.

Na mifuko yenyewe kuna ya karatasi na ya kitambaa chepesi kile kisichofumwa. Ya karatasi matundu yake yanazibwa na vumbi jembamba kabla hata mfuko haujafika nusu, unaona nguvu imeshuka ukifungua unakuta nafasi bado ipo unashangaa. Hii ya pili inapumua vizuri zaidi na haichaniki. Kuna watu wanashona mfuko wa kitambaa wenye zipu watumie miaka. Inafanya kazi kwa uchafu mkubwa, ila kitambaa cha kawaida kinapitisha vumbi laini mpaka kwenye mota, kwa hali ya mwanao usifanye hivyo.

Mwisho kwa hili, vakyumu peke yake haitoshi. Fyonza godoro pande zote, polepole, mdomo upite mahali pamoja zaidi ya mara moja, halafu mashuka na foronya ufue kwa maji ya moto ya nyuzi 60, hao wadudu wadogo wa vumbi wanakufa hapo. Chandarua usikisahau, kinashika vumbi kuliko unavyodhani, ila kama ni kile chenye dawa usikitie maji ya moto, maji baridi na sabuni laini, ukianike kivulini. Na wakati unafyonza mtoto akae chumba kingine, fungua madirisha.

#6

Niaje fundi, mimi niko Nairobi mitaa ya Umoja. Nko na hizi kapeti za manyoya marefu na nilinunua vakyumu ya kusimama ile iko na brashi inazunguka chini. Kila nikiweka kwa kapeti inashika manyoya inasimama halafu kuna harufu ya mpira kuungua. Nishabadilisha belti na bado. Shida ni mashine ama ni mimi?

#7 (mtoa mada)

Kaka shida ni zulia na mashine havikuoana. Brashi ya kuzunguka imetengenezwa kwa zulia fupi, inapiga nyuzi ili mchanga utoke. Manyoya marefu yanajisokota kwenye brashi, brashi inasimama, mota inaendelea kuzunguka, belti inasuguliwa ndio hiyo harufu. Ukibadilisha belti hata mara kumi itaungua tena.

Angalia kama kuna swichi ya kuzima brashi peke yake, nyingi zinayo. Zima, tumia mvuto tu. Kama haina, tumia mpira wake na mdomo mtupu wa makochi. Hayo manyoya pia mara mojamoja yatoe nje, yageuze juu chini, yapige kwa nyuma, utashangaa kinachoanguka.

Halafu kabla hujafunga tena geuza mashine uangalie ile brashi. Nywele na nyuzi zinajizungushia kwenye ncha mbili pale kwenye beringi, zinabana, beringi inakauka na plastiki inayeyuka. Chukua mkasi ukate kwa urefu wa brashi uvute. Nyumba yenye dada wenye rasta na wigi hii kazi ni ya kila mwezi. Na iwe imechomolewa kwenye umeme tafadhali, sio imezimwa tu.

#8

Assalaam alaykum. Miye nipo Maskati, nataka kumpelekea mama yangu Unguja vakyumu kwenye mzigo wa meli. Huku zipo nyingi na bei nafuu. Umeme utakubali? Na kule kwetu mchanga wa pwani unaingia mpaka vyumbani, aina gani itahimili khasa?

#9 (mtoa mada)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeme usiwe na wasiwasi, Omani ni volti 240 na haziti 50 na plagi ya pini tatu bapa, sawa na ya nyumbani.

Kwa mchanga wa pwani mpelekee ya ndoo, zile zinazofyonza maji na vumbi. Mota yake kwa kawaida ina njia yake ya kupooza iliyo mbali na hewa chafu, inavumilia zaidi. Ina kelele, hilo mwambie mapema. Mchanga ni mzito unaanguka chini ya ndoo hausumbui filta sana. Ila mpe mafunzo haya ya lazima: kwenye boksi kutakuwa na filta ya sponji na filta ya karatasi iliyokunjwakunjwa. Sponji ni ya maji, karatasi ni ya vumbi. Watu wanaacha sponji mwaka mzima wanafyonzea vumbi, linapita lote linaenda kwenye mota. Akifyonza maji ndani kuna boya, maji yakijaa linapanda linaziba, sauti inapanda, azime amwage. Na maji yenye povu la sabuni asiyafyonze mengi, povu haliinui boya, linapita moja kwa moja linaingia kwenye mota, mashine nyingi za kuoshea makochi zinakufa hivyo. Akimaliza maji asiifunge, aiache wazi ikauke, chumvi na unyevu wa Unguja unakula chuma haraka.

Mnunulie na filta za karatasi tatu nne za modeli hiyohiyo uzitie humo humo kwenye mzigo, nafasi yake ndogo na zitamsaidia kuliko waranti.

#10

Mimi nipo Leicester Uingereza, nafanya kazi ya usafi kwenye maofisi. Huku sehemu nyingi utakuta Henry, ile nyekundu yenye macho na tabasamu, inatengenezwa na kampuni ya Numatic pale Chard, Somerset, nayo ipo tangu 1981. Wati 620 tu hizi mpya. Tunazikokota ngazini, tunazigonga milangoni kila siku na zipo. Kitu kikiharibika kinabadilishwa hicho kitu, mpira, waya, swichi, hata mota skrubu chache tu. Sijui huko nyumbani zinafika?

#11 (mtoa mada)

Zinafika mkuu, kwenye makontena ya vitu vya mtumba kutoka Uingereza, na ukiniuliza Henry iliyotumika au mpya ya jina lisilojulikana kwa bei ileile, nachukua Henry bila kufikiri. Umeieleza vizuri kuliko mimi, hiyo ndio maana ya mashine ya kudumu: kila kipande kina mbadala wake na kinafunguka.

Wanaonunua mtumba nisikilizeni hapa. Cha kwanza soma kibandiko chini ya mashine kabla hujachomeka popote. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120, na mitumba ya Japani imejaa Zanzibar na Dar. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu mota itapiga kelele ya ajabu, cheche, moshi, imekwisha, dakika haifiki. Transfoma ya kubeba wati 1000 kwa mfululizo ni nzito na ghali, haina maana, ziache.

Ikiwa ni ya 220 hadi 240 muombe muuzaji umeme uiwashe dakika tano kamili, sio sekunde. Weka kiganja nyuma panapotokea hewa: vuguvugu sawa, moto wa kukutoa mkono hapana. Harufu ya waya kuungua, hapana. Ukiizima isikilize inavyosimama, ikishuka taratibu kwa ulaini beringi nzuri, ikikwaruza au kusimama ghafla beringi zimeisha. Tazama kwenye matundu ya nyuma kama giza linaruhusu, cheche ndogo za bluu kwenye kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) ni kawaida, cheche kubwa za njano zinazozunguka duara lote maana yake kaboni zimeisha au komyuteta, yaani ile shaba ya duara zinapogusia kaboni, imechimbika. Kaboni zinabadilishwa, ni bei ndogo, Kariakoo zipo za grainda na drili za vipimo vingi, chukua ya zamani upime nayo na isiwe pana kuliko nyumba yake. Subiri usije ukasuka mota nzima kwa sababu ya kaboni! Kuna mafundi wanawaambia watu mota imekufa wakati ni kaboni tu zimefika mwisho, mwambie akutolee uzione.

Mpira unyooshe wote uuzibe upande mmoja kwa kiganja upulize, hewa ikitoka katikati una tundu. Tundu likiwa karibu na kichwa unakata kile kipande unarudisha kichwa, likiwa katikati tafuta mpira mwingine.

#12

Swali fupi fundi. Nimemaliza kujenga, mafundi wa jipsamu na tailizi wametoka juzi, vumbi jeupe kila kona. Vakyumu ya ndani inaweza?

#13 (mtoa mada)

USITHUBUTU. Vumbi la saruji, la jipsamu na la rangi iliyopigwa msasa ni laini kupita kiasi, linaziba filta ndani ya dakika chache na linalopita linasaga beringi. Nusu ya mota nilizowahi kuona zimekufa zikiwa bado mpya zilitoka kwenye nyumba zilizotoka kupauliwa na kupakwa rangi. Zoa kwa maji kwanza, yaani nyunyiza, fagia, piga deki mara kadhaa. Kama lazima mashine basi kodisha kubwa ya kazi za ujenzi. Majivu ya jiko la mkaa nayo hivyohivyo, tena hayo yanaweza kuwa na kaa hai ndani likawasha mfuko mzima.

#14

Za betri zisizo na waya vipi? Naziona nyepesi sana wife anazitaka

#15 (mtoa mada)

Nzuri kwa makombo na gari, na ngazi. Kwa nyumba yenye mazulia kama mashine ya pekee sishauri. Betri za lithiamu zinapungua uwezo kila mwaka hata mota ikiwa nzima, na joto letu linaharakisha, usiiache kwenye gari juani. Kama mtanunua nunueni ambayo betri inachomoka kwa mkono na muuzaji ana betri ya pili dukani, na muulize bei yake kabla hamjalipa chochote.

#16

Fundi ni mimi tena wa Mwanza. Nimechukua ya mfuko yenye H13 na nimekagua mpira wa kuzibia kama ulivyosema, imebana vizuri. Kitabu kinasema filta ya mota ioshwe kwa maji. Sasa masika haya kitu hakikauki, naweza kuianika juu ya friji nyuma au niipigie draya ya nywele?

#17 (mtoa mada)

Hongera dada umechagua vizuri.

Draya usipige, joto linakunja sponji na kulegeza gundi ya ukingoni, ikishalegea haizibi tena. Osha kwa maji ya bomba matupu bila sabuni, bonyeza usikamue kwa kusokota, ianike penye upepo angalau saa 24, masika siku mbili. Ikirudi na unyevu itaota ukungu, mashine itanuka kila ukiwasha na mwanao ndiye atakayevuta hiyo hewa, na maji yanaweza kuvutwa hadi kwenye mota.

Hiyo H13 yenyewe soma kitabu vizuri kabla hujaitia maji, nyingi haziogeshwi kabisa, zinabadilishwa. Inayooshwa kwa kawaida ni ile ya sponji ya mbele.

Nunua sponji ya pili sasa hivi wakati modeli bado ipo sokoni, moja ndani ya mashine moja kwenye kamba. Nitumie namba ya modeli iliyo chini kwenye kibandiko, na picha ya sponji ikiwa imelazwa kando ya rula, nikienda Kariakoo wiki hii nitakuangalizia na kukutumia bei hapahapa kwenye uzi ili na wengine wenye mashine hiyo waione.